Saa ya Kinshasa na namba sita za simu yako

Mwenzetu mmoja wa uhasibu alipanda ndege hapa Lubumbashi, uwanja wa Luano, kwenda mkutanoni Kinshasa. Alipofika aliona saa ya simu yake imeitangulia ya huko, akairudisha nyuma kwa mkono, saa moja kamili. Jioni akataka kufungua barua pepe ya kazi. Neno la siri lilikubaliwa, lakini namba sita za programu ya simu, zinazoombwa baada ya neno hilo, zikakataliwa, mara tatu. Akanipigia mimi wa informatiki akiamini akaunti imeibiwa.

Hakuna aliyeiba kitu. Programu inayotoa namba hizo haiongei na mtu. Siku ya usajili, simu na seva yetu hupewa siri moja, iliyofichwa ndani ya ule mraba wa QR unaoupiga picha. Tangu hapo kila upande unachanganya siri hiyo na saa, na namba mpya inatoka kila sekunde 30. Saa inayohesabiwa ni ile moja ya dunia nzima, UTC, si ya Lubumbashi wala ya Kinshasa. Simu ikijibadilishia majira ya eneo yenyewe, hakuna kinachoharibika. Ukiirudisha saa kwa mkono, inatoa namba za saa moja iliyopita. Ingia kwenye mipangilio ya tarehe na saa, iache ijipange.

Wengi tunaowaita kusajiliwa wanaogopa jambo jingine: mayuniti (salio la simu) yakiisha itakuwaje? Programu haitaki mayuniti wala mtandao ili kutoa namba. Inataka betri, na hilo kwa umeme wetu ni suala la mtu na chaja yake.

Kujithibitisha kwa vitu viwili, neno la siri na simu, si jambo geni. Ukitoa pesa kwa M-Pesa au Airtel Money, namba ya siri bila laini yako haifai kitu, na laini bila namba ya siri vilevile. Akaunti za kazi sasa zinafuata njia hiyo.

Basi mbona tusitume SMS tu? Kwa sababu laini huhamishwa: tapeli anajifanya wewe, anapewa kadi ya SIM yenye namba yako, na SMS zako zinamfuata yeye. Tena ukivuka mpaka wa Kasumbalesa kwenda Zambia, SMS inaweza kuchelewa au isifike kabisa. Hata hivyo mama wa stoo mwenye simu ya vitufe namsajili kwa SMS bila kusita, maana neno la siri peke yake ni dhaifu zaidi.

Kazi hasa iko mwishoni mwa usajili, pale ambapo kila mtu ana haraka ya kurudi mezani kwake. Simruhusu mtu aondoke kabla hajatoka kwenye akaunti, akaingia upya mbele yangu, na kushika karatasi ya namba za akiba. Kila namba ya akiba hutumika mara moja tu, siku simu imeibiwa katika soko la Kenya hapa mjini au imetumbukia ndooni. Kuna wanaoipiga picha karatasi hiyo kwa simu ileile! Iweke nyumbani, pale kadi yako ya mpiga kura inapolala. Na ukinunua simu mpya, hamisha programu kwanza ndipo umpe mdogo wako ile ya zamani.

Aliyepoteza simu na karatasi pia, hatumfungulii akaunti kwa kuongea naye kwenye simu, awe mkurugenzi au mlinzi. Anakuja mwenyewe na kadi yake. Aliye Likasi au Kolwezi anathibitishwa na mkuu wake wa kazi, uso kwa uso.

Namba sita nazo huibiwa, ukiziandika kwenye ukurasa bandia unaofanana na wetu au ukimsomea mtu anayejiita wa informatiki. Sisi hatuna haja ya kukuuliza, seva inaweza kuzikokotoa yenyewe. Akipiga mtu anaziomba, hata akitaja jina langu, kata simu, halafu shuka bironi kwetu utuambie alipiga kwa namba gani.