Goti la Ng'ombe Liko Wapi? Istilahi za Mwelekeo kwa Wanafunzi wa Tiba ya Mifugo

Mwombe mfugaji akuonyeshe goti la ng'ombe, atashika kiungo cha katikati ya mguu wa mbele. Kianatomia hicho ni karpasi, yaani kifundo cha mkono. Goti lenyewe liko mguu wa nyuma, juu, karibu na tumbo. Kile kinachochongoka nyuma ya mguu huohuo ndicho kisigino, ingawa hakigusi ardhi. Zizini usimsahihishe mzee wa watu, mtaelewana tu. Kwenye faili la mgonjwa, andika karpasi.

Mwelekeo hupimwa kwa mwili wa mnyama aliyesimama kwa miguu minne, si kwa pale uliposimama wewe. Kushoto ni kushoto kwake. Hata akilala ubavu, mgongo unabaki dosali na tumbo ventrali. Kuelekea kichwani ni kraniali, kuelekea mkiani kaudali. Ukishafika kichwani penyewe, kraniali haina maana tena, kwa hiyo kuelekea puani tunasema rostrali. Mediali ni kuusogelea mstari wa kati wa mwili, laterali ni kuuacha. Proksimali na distali ni za miguu zaidi: karibu na kiwiliwili, na mbali nacho. Mkia nao huzitumia, shina lake likiwa proksimali.

Wengi huteleza sehemu ya chini ya miguu. Juu ya karpasi, uso wa mbele wa mguu ni kraniali na wa nyuma kaudali. Kuanzia karpasi kushuka, uso wa mbele huitwa dosali na wa nyuma palmari. Kwa mguu wa nyuma mpaka ni tarsasi, yaani kifundo chenye kile kisigino: kuanzia hapo kushuka ni dosali na plantari. Anayeandika "uso wa kaudali wa metakarpasi" (mfupa ulio chini ya karpasi) amekosea. Anayeita soli ya kwato ventrali amekosea zaidi.

Ng'ombe ana jambo lake jingine. Anakanyagia vidole viwili, cha tatu na cha nne, na mhimili wa mguu unapita katikati yao. Uso wa ukwato unaotazama mwanya huo ni aksiali, ulioupa mgongo ni abaksiali. Neno "ndani" hapa ni mtego mtupu: kwenye ukwato wa laterali, uso wa aksiali uko upande wa mediali, na kwenye ukwato wa mediali mambo yanageuka. Ugonjwa wa mstari mweupe, yaani pale ukuta wa ukwato unapoungana na soli, hupenda upande wa abaksiali wa ukwato wa laterali, mguu wa nyuma. Ukiandika "kwato, upande wa nje", mwenzako wa zamu ya kesho anaweza kuchonga mahali pazima.

Linganisha. "Kidonda mguu wa mbele, chini ya goti" hakimwonyeshi mtu kitu. "Jeraha la sm 4, mguu wa mbele wa kulia, uso wa dosolaterali, sm 6 distali ya karpasi" linapatikana hata gizani. Neno dosolaterali ni maelekezo mawili yaliyounganishwa, kati ya dosali na laterali.

Au chukua ng'ombe aliyevimbiwa gesi, anayehitaji kutobolewa rumeni (tumbo kubwa la kwanza) kwa trokari, chombo chenye ncha kali cha kutolea gesi. Mahali ni lile bonde la kushoto: kaudali ya ubavu wa mwisho, kraniali ya ncha ya nyonga, ventrali ya vichomozo vya pembeni vya pingili za kiuno. Maneno matatu yamekuchorea pembetatu. Ukichanganya kushoto kwake na kwako ukiwa umesimama mbele yake, utatoboa kulia, kwenye utumbo.

Mabapa ya kukatia mwili, yaani nyuso bapa za kufikirika, hayana ugumu: la mediani, linalogawa mwili kushoto na kulia katikati kabisa, ni moja tu, la sajitali huenda sambamba nalo, la mkingamo hukata kama mkate wa slesi, na la dosali huenda sambamba na mgongo.

Tahadhari na vitabu vya udaktari wa binadamu. Kwa mtu, anteria ni upande wa kifua na tumbo. Kwa ng'ombe msomaji angedhani ni kichwani. Vena kava superia ya binadamu, mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni, kwetu ni vena kava kraniali. Maneno anteria na posteria tumeyabakiza hasa ndani ya jicho, kama kwenye chemba ya anteria, na kope bado ni superia na inferia.