Je, wajua kwa nini ndugu wa Uamsho huungama dhambi mbele ya wenzao?

Ukiingia kwenye ushirika wa ndugu wa Uamsho, vuguvugu la Kikristo la Afrika Mashariki, iwe Kigezi nchini Uganda au Bukoba nchini Tanzania, utakuta jambo ambalo makanisa mengi hayajalizoea. Mtu anasimama, anasema "Bwana Yesu asifiwe," kisha anataja kosa lake waziwazi: nilimtukana mke wangu juzi, nilichukua sukari ya ofisini. Wenzake wanaitikia kwa kuimba "Tukutendereza Yesu" (Tunakusifu Yesu), hata wale wasiojua Kiganda zaidi ya wimbo huo. Kwa nini wasimalizane na Mungu kimyakimya, kila mtu chumbani kwake?

Chanzo chake kinarudi Septemba 1929, kilima cha Namirembe, Kampala. Daktari Mwingereza Joe Church, aliyekuwa akitumika katika hospitali ya misheni ya Gahini nchini Rwanda, alifika pale akiwa amechoka mwili na roho. Eneo lake lilikuwa limetoka kupigwa na njaa kali. Akakutana na Simeoni Nsibambi, Muganda. Wakakaa siku mbili wakisoma Biblia na kuomba. Wote wawili walisumbuliwa na jambo moja: waliobatizwa ni wengi, ila maisha ni yale yale. Miaka iliyofuata moto wa Uamsho ukawaka Gahini, alikofundisha Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, hadi alipofariki Januari 1936. Ukaenea Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika.

Andiko walilolishika ni 1 Yohana 1:7: "bali tukienenda nuruni, kama yeye alivyo katika nuru, twashirikiana sisi kwa sisi." Kwao, nuru na wenzako havitenganishwi. Nami naona walikuwa wameugusa udhaifu halisi wa kujichunguza peke yako. Moyo ni wakili hodari wa mwenye moyo. Usiku kitandani, hasira inaitwa msimamo, uchoyo unaitwa kubana matumizi, na kesi inafutwa kabla ya usingizi. Mbele ya jirani anayesikia kelele za nyumbani kwako, utetezi huo haufiki mbali.

Wala hawakuishia kusema. Baada ya kuungama, mtu alitakiwa kwenda kutengeneza: kurudisha alichoiba, kulipa deni, kuomba radhi uso kwa uso. Festo Kivengere, mwalimu wa Kigezi aliyekuja kuwa askofu, alisimulia jinsi baada ya kuokoka alivyopanda baiskeli mwendo mrefu kwenda kumwomba msamaha mmishonari Mwingereza ambaye yeye Kivengere alikuwa akimchukia. Wakati wa ukoloni! Nchini Kenya, miaka ya Mau Mau, ndugu wengi walikataa kula kiapo, na wengi hao hao wakakataa pia kubeba bunduki upande wa serikali. Baadhi waliuawa. Sidhani ujasiri huo uliwajia ghafla. Watu waliozoea kusema kweli ndogo zenye aibu walikuwa wameshafanya mazoezi ya miaka.

Hata hivyo, desturi hii ina upande wake mchungu. Mwaka 1941 chuo cha theolojia cha Mukono, Uganda, kilimfukuza mwanafunzi wa Uamsho William Nagenda na wenzake zaidi ya 20, baada ya mvutano na uongozi uliowakataza mikutano yao ya alfajiri. Walilalamikiwa kwamba wanawahukumu wengine, na lalamiko hilo halikuwa bure. Ushuhuda unaweza kugeuka jukwaa la sifa. Mwingine anaungama kwa ufasaha kila juma, dhambi ile ile, na deni bado halijalipwa. Mwingine anaungama dhambi za mwenzake kuliko zake.

Kwa hiyo, ukitaka kuanza, anza na yule uliyemkosea, kabla ya mkutano. Yakobo 5:16 inasema tuungame "ninyi kwa ninyi", lakini haitaji ukubwa wa hadhara. Mambo yanayoweza kumfedhehesha mtu mwingine, ndugu wawili au watatu wasio na mdomo mwepesi wanatosha kuyasikia.