Bungo hukamuliwa, halisagwi

Msimu wa mabungo ukifika, simu ninazopokea huwa za aina moja. "Dada, juisi yangu imekuwa chungu, nimekosea wapi?" Nami kabla ya yote huuliza: umeitia kwenye blenda? Kimya kidogo, halafu: "Kidogo tu."

Basi hiyo "kidogo tu" ndiyo iliyonikalisha leo niandike. Kazi yangu ni juisi za shughuli hapa Chake Chake, Pemba, harusi na maulidi, na katika matunda ninayoletewa mwaka mzima, bungo ndilo ambalo hakuna aliyelipanda. Linajiotea maweni na misituni, na anayelitaka hulifuata huko huko na pakacha lake.

Mbungo si mti. Ni mmea wa kutambaa, shina gumu kama kamba ya nanga, unaukwea mti wa mwenzake mpaka juani. Maua yake ni meupe yenye koo la manjano, na ukipita karibu utadhani mtu amevaa kikuba. Wataalamu wa mimea huuita Saba comorensis, yaani wa Komoro. Ukiukata popote, unatoka utomvu mweupe unaonata. Utotoni tulifanyia ulimbo wa kunasia ndege, na mama zetu walitugombeza kwa nguo zilizoharibika kuliko kwa ndege.

Utomvu huo si jambo dogo. Katika karne ya 19 mpira wa mwituni, uliogemwa kwenye mimea ya jamaa hii huko bara, ulipitia bandari ya Unguja kwenda Ulaya. Mmoja katika jamaa hao ni Landolphia kirkii, uliopewa jina la John Kirk, daktari na mjuzi wa mimea aliyekuwa konsuli wa Uingereza hapa Zanzibar. Kirk huyo huyo, kabla hajaja kwetu, alikuwa kwenye msafara wa Livingstone mto Zambezi. Inasimuliwa kwamba alipiga mswaki uliokuwa umegusana na sumu ya mishale, akahisi mapigo ya moyo wake yamebadilika. Sumu ile ilitokana na mmea uitwao Strophanthus, na baadaye ikawa dawa ya moyo.

Nimeyataja haya kwa sababu Strophanthus na mbungo ni ukoo mmoja, yote miwili ni mimea ya kutambaa. Kwa hiyo usimfundishe mtoto kwamba kila chenye utomvu mweupe ni bungo. Tunda la Strophanthus ni refu, limechongoka, hukaa mawili mawili, na likikauka hupasuka likatoa mbegu zenye manyoya. Bungo ni la mviringo, kiasi cha chungwa, ganda lake gumu. Kama huna hakika, nenda na mtu wa shamba. Na kama unaelekea msitu wa Ngezi, huo ni hifadhi. Uliza kwanza kinachoruhusiwa, na panga liache nyumbani. Kuna watu hukata shina zima ili wavute matunda kumi, mwakani wanashangaa.

Chagua lililogeuka rangi ya chungwa iliyoiva, hasa la kudondoka lenyewe. Lenye kijani lina utomvu mwingi na ukali unaokunja uso. Lililong'atwa na kima mwachie kima.

Sasa tuje jikoni. Kabla ya kugusa bungo, paka mikono na kisu mafuta ya kupikia. Watu wengi hukimbilia maji, na hapo ndipo wanapojitia taabuni: utomvu hauyeyuki katika maji, unaganda tu na kuwa mpira kwenye vidole. Mafuta huulegeza. Mimi kisu sikitumii sana. Naligonga bungo sakafuni likapasuka, nikalifungua kwa mikono juu ya bakuli. Ndani utakuta kokwa zimekumbatiwa na nyama ya manjano yenye nyuzi, inang'ang'ania kokwa kama embe la nyuzi. Chota nyama na kokwa zake, usikwangue ganda, maana ukikwangua unachukua na utomvu.

Hapa ndipo blenda inapomtongoza mtu. Kokwa ikipasuliwa hutoa uchungu na unga unga unaopita kwenye chujio, ukaja kutulia chini ya jagi kama chokaa. Sukari haiufichi. Ukizidisha sukari unapata kitu kitamu na kichungu kwa pamoja, kibaya zaidi.

Lichukulie bungo kama nazi. Nani kwetu hajui kukamua tui? Mabungo kumi ya wastani, tia nyama yake kwenye bakuli, mimina lita moja ya maji yaliyochemshwa yakabaki vuguvugu, funika saa moja. Nyama italegea. Kisha ingiza mkono safi, kanda, sugua kokwa kwa kokwa mpaka zianze kuonekana tupu. Chuja. Hilo ni tui zito. Rudisha kokwa bakulini, ongeza nusu lita ya maji, kanda tena, chuja: tui jepesi. Changanya mawili hayo upendavyo. Kwa harusi mimi hutumia yote. Kwa wageni wangu mwenyewe, nakiri, zito peke yake.

Bakuli liwe la kioo, la plastiki au la chuma kisichoshika kutu. Sufuria ya alumini iache, kwani ukali wa bungo hula alumini na juisi ikatoa ladha ya madini.

Sukari siitii kavu. Napika shira nyepesi, sukari na maji sawa kwa sawa, naipoza, kisha naitia kidogo kidogo huku naonja. Bungo moja haliwi kali sawa na jingine, ndiyo maana kipimo cha vikombe sikupi. Wengine hutia arki ya vanila na rangi. Mimi sitii, harufu ya bungo ina embe, ina nanasi, ina kitu cha tatu ambacho sijakipatia jina, na arki huvizima vyote vitatu. Iliki punje moja ndani ya shira, hapo nakubali.

Juisi yenyewe sichemshi. Moto huondoa ile harufu, ikabaki ukali mtupu. Lakini maji lazima yawe yamechemka kabla, na barafu itokane na maji hayo hayo. Kila kipindupindu kinapoingia visiwani, kama kile cha 2015 na 2016, wauza juisi ndio wa mwanzo kunyooshewa kidole, na si bure. Tunda lenyewe linakuja likiwa limefungwa ndani ya ganda lake. Uchafu tunautia sisi, kwa maji na kwa mikono.

Kuhusu kulaza juisi nina kisa. Mwaka wangu wa mwanzo nilipata kazi ya maulidi, nikatengeneza usiku nisije nikachelewa, nikajaza dumu la lita 20, nikakaza kizibo, friji ikawa haina nafasi. Asubuhi dumu limevimba mbavu. Nilipolegeza kizibo kiliruka mpaka darini. Hamira ndogo ndogo zilizo hewani na kwenye maganda zilikuwa zimeila sukari usiku kucha, zikatoa gesi, na pamoja na gesi, pombe. Kwa maulidi! Nilimwaga lote nyuma ya nyumba, nikawapelekea watu juisi ya ukwaju ya haraka haraka, na mwenye shughuli mpaka leo anaisifu ukwaju ile. Sikumwambia.

Tangu siku hiyo nakamua asubuhi ya shughuli. Kama mabungo ni mengi kuliko kazi, nagandisha nyama na kokwa zake kwenye vyombo, bila maji wala sukari, nikazitoa kiasi ninachohitaji. Baridi ya friza huzilegeza hata nyuzi, kwa hiyo zikiyeyuka hukamulika kwa urahisi zaidi kuliko mbichi.

Kokwa zilizokwisha kukamuliwa msitupe mbele ya watoto. Wanangu huzidai, wakazinyunyizia sukari, chumvi na pilipili ya unga, wakakaa barazani wakizimung'unya mpaka ndimi zinawasha.