Kabla Hujalipia Utabiri wa Dhoruba za Jua

Tangu dhoruba ya jua (mlipuko wa jua unaotikisa usumaku wa dunia) ya Mei 2024, ya kwanza kufika daraja la G5, la juu kabisa, tangu Oktoba 2003, dawati letu hupokea simu za aina mbili. Aina ya kwanza ni za waliotumiwa ule ujumbe wa WhatsApp: zima simu kuanzia saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu usiku, eti mionzi hatari inapita karibu na dunia. Ujumbe huo unazunguka miaka nenda miaka rudi. Ni uongo, na sina la kuongeza.

Aina ya pili ndiyo iliyonifanya niandike. Ni wapima ardhi, waendesha droni na manahodha waliouziwa utabiri wa hali ya hewa ya anga za juu kwa malipo ya kila mwezi, kisha wanatuuliza sisi kwa nini hauwasaidii.

Biashara yenyewe ni halali. Taarifa za msingi hutolewa bure: na kituo cha NOAA, idara ya bahari na hewa ya Marekani, kilichoko Boulder, na Met Office, idara ya hali ya hewa ya Uingereza, na hapa Afrika na SANSA, shirika la anga la Afrika Kusini, kule Hermanus. Muuzaji anachouza ni kuzitafsiri taarifa hizo zifae kazi ya mteja. Februari 2022 SpaceX ilipoteza satelaiti 38 kati ya 49 siku chache baada ya kuzirusha, kwa sababu dhoruba, tena ndogo tu, ililitanua tabaka la juu la hewa na satelaiti zikakokotwa kurudi chini. Mwenye mali ya namna hiyo ana sababu ya kulipa. Wewe je?

Mpima mmoja alinipigia akiwa porini, saa nane mchana. Programu aliyoilipia ilionyesha kijani: Kp 2 (kipimo cha dhoruba, 0 hadi 9), hali shwari. Mashine yake ya RTK, yaani GPS ya wapima inayosahihishwa papo hapo na kipokezi cha pili, tangu saa sita ilikuwa inagoma kutulia kwenye usahihi wa sentimita. "Sasa mtaalamu, mimi nimelipia nini?"

Kwa kweli alikuwa amelipia habari za Kanada na Skandinavia. Kp hupima mtikisiko wa usumaku wa dunia, na vituo vyake viko zaidi mbali na ikweta. Huku kwetu karibu na ikweta ionosfia, tabaka la juu la hewa lenye chembe za umeme ambalo mawimbi ya GPS hulipitia, hunenepa kila mchana bila kusubiri dhoruba yoyote, na kilele chake ni alasiri. Jua likizama huzuka mapovu ndani yake yanayotikisa mawimbi ya GPS hadi karibu usiku wa manane, hasa Machi na Aprili, kisha Septemba na Oktoba. Wakati mwingine dhoruba ikija huyazuia mapovu hayo, kwa hiyo programu inawaka nyekundu na kazi yako inakwenda vizuri. Muulize muuzaji ana vipokezi vinavyopima ionosfia ukanda huu, au anasoma Kp tu. Mwombe pia kumbukumbu za utabiri wake wa nyuma, pamoja na uliokosea. Akikasirika, umepata jibu.

Kwa usafiri wa anga hakuna cha kuchagua muuzaji. Tangu Novemba 2019 taarifa rasmi hutoka kwenye vituo vya dunia vilivyoteuliwa na ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga. Husomwa hivi: tafuta kwanza athari, kama ni mawasiliano ya redio ya HF (mawimbi mafupi), GNSS (satelaiti za kuonyesha mahali, kama GPS) au mionzi. Kisha ukali: MOD ni wa kati, SEV ni mkali. Kisha ukanda: Tanzania yote imo kwenye EQS, yaani kutoka ikweta hadi nyuzi 30 kusini. Mwisho saa. Saa hizo ni za UTC, saa za kimataifa zilizo nyuma ya zetu kwa saa tatu, kwa hiyo 1800 ni saa tatu usiku kwetu. Kila wiki kuna anayesoma saa kumi na mbili jioni, na kila wiki tunamsahihisha.

Wanaosambaza tahadhari za kubuni wakumbuke Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 16. Anayechapisha taarifa akijua ni ya uongo, kwa nia ya kudanganya umma, adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Isiyopungua, sio isiyozidi, wengi huyachanganya. Aliyeuziwa huduma kwa maelezo ya kupotosha anaweza kulalamika Tume ya Ushindani (FCC), kwani Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza upotoshaji katika biashara. Tunza risiti, piga picha ya tangazo kabla halijafutwa, andika tarehe. Maelezo ya mdomo peke yake hayatoshi.

Yule mpima nilimshauri asogeze besi (kile kipokezi cha pili kinachosahihisha) karibu na eneo la kazi, aanze saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na arudie kipimo kwenye bikoni anayoiamini. Kesho yake saa nne alikuwa amefunga vifaa. Programu ameiomba imrudishie pesa, mpaka sasa hawajamjibu.