Ukumbi wa Umaarufu wa besiboli: kustahili maana yake nini?

Julai 2006, katika mji mdogo wa Cooperstown, jimbo la New York, mzee wa miaka 94 alipanda jukwaani kuwasemea watu 17 waliokuwa wakiingizwa kwenye Ukumbi wa Umaarufu wa besiboli. Wote walikuwa wameitumikia besiboli ya Weusi, ile iliyojitegemea kwa sababu ligi kuu ya Marekani iliwafungia Weusi mlango, na wote walikuwa wameshafariki. Mzee aliyewasemea ni Buck O'Neil, mchezaji na kocha wa zamani wa ligi hizo. Mwaka huohuo jina lake nalo lilikuwa mbele ya kamati iliyowapitisha wale 17, na kamati haikumpitisha. Akaja hivyohivyo, akazungumza bila kinyongo, akawataka watu washikane mikono, akawaimbisha. Oktoba akafariki. Desemba 2021 kamati nyingine ikakaa, ikaona kwamba anastahili.

Kati ya 2006 na 2021 O'Neil hakucheza mechi hata moja. Kama alistahili mara ya pili, alistahili na mara ya kwanza. Kilichobadilika ni watu walioketi mezani. Ukilielewa hilo, umeshaielewa nusu ya ubishi unaozuka Marekani kila majira ya baridi: mchezaji gani mstaafu anastahili Ukumbi, na nani hastahili.

Ukumbi wenyewe ni makumbusho, yaliyofunguliwa mwaka 1939. Ndani mna chumba kirefu ambacho kuta zake zimejaa mabamba ya shaba, kila bamba na sura ya mtu pamoja na mistari michache inayoeleza alichofanya. Wa kwanza walichaguliwa mwaka 1936: Ty Cobb, Babe Ruth, Honus Wagner, Christy Mathewson na Walter Johnson. Neno umaarufu lisikupoteze. Wako wachezaji waliojulikana nchi nzima na hawamo, na wako waliomo ambao shabiki wa kawaida hawezi kukutajia majina yao. Kinachotafutwa ni ubora, na kila mtu ana mizani yake ya kuupimia.

Utaratibu si mgumu. Mchezaji awe amecheza angalau misimu 10 ligi kuu na awe amestaafu miaka 5. Wanaopiga kura kwanza, kabla ya kamati, ni waandishi wa habari, wale waliokaa kwenye chama cha waandishi wa besiboli kwa miaka 10 au zaidi. Kila mmoja anaruhusiwa kuandika majina yasiyozidi 10. Anayepata asilimia 75 anaingia, anayekosa hata asilimia 5 anaondolewa kwenye karatasi moja kwa moja, na aliyebaki katikati anarudishwa mwaka unaofuata, hadi miaka 10 iishe. Zamani ilikuwa 15.

Asilimia 75 ni nyingi mno kwa watu wanaopenda kubishana. Mwaka 1936 waandishi 11 kati ya 226 hawakumwandika Babe Ruth. Ilibidi tusubiri hadi 2019 kumpata mtu aliyeandikwa na wote, Mariano Rivera, mrushaji (anayemtupia mpigaji mpira) wa New York Yankees aliyebobea katika kuingia mwishoni mwa mechi kulinda ushindi, kura 425 kwa 425. Ichiro Suzuki alikosa moja tu mwaka 2025.

Sasa tuje kwenye mizani. Ubishi wa kwanza ni kati ya kilele na jumla. Sandy Koufax alirusha mpira misimu 12 tu, na nusu ya mwanzo haikuwa ya kutisha. Ila miaka yake 5 ya mwisho wapigaji walikuwa wakisimama mbele yake kama watu waliofungwa macho. Mkono ukamharibikia, akaacha mwaka 1966 akiwa na miaka 30, na ushindi 165, yaani mechi ambazo timu ilishinda na ushindi ukaandikwa kwa jina lake. Don Sutton alirusha misimu 23 akavuna ushindi 324, karibu mara mbili ya Koufax, lakini hakuna mwaka hata mmoja aliotunukiwa tuzo ya mrushaji bora. Koufax alipita mara ya kwanza tu jina lake lilipowekwa. Sutton alisubiri hadi mara ya tano, mwaka 1998. Wote wamo, na mimi naona ni sawa, maana kung'aa kwa muda mfupi ni kipaji na kudumu miaka 23 bila kuchoka ni kipaji pia. Shida inawaangukia walio katikati, ambao kilele chao si cha Koufax na jumla yao si ya Sutton.

Hao ndio waliokombolewa na hesabu mpya. Kwa miaka mingi mpigaji alipimwa kwa vitu vitatu: amegonga mipira salama mingapi, yaani akafika kituoni bila kutolewa, amepiga mingapi ya kuvuka uzio, amewaleta wenzake wangapi nyumbani, yaani wakaipatia timu pointi. Siku hizi kuna kipimo kinachouliza swali jingine: tukimtoa mtu huyu, tukamweka mbadala wa kawaida ambaye timu yoyote ingempata kwa urahisi, tungepoteza mechi ngapi? Kipimo hicho kinahesabu na mbio zake, na ulinzi wake, na hata uwanja alioupigia. Mfano mzuri ni Scott Rolen, mlinzi wa besi ya tatu, mojawapo ya vituo ambavyo mpigaji huvikimbilia. Sehemu kubwa ya thamani yake ilikuwa mipira aliyoizuia, na mpira uliozuiwa hauandikwi kwa wino mnene gazetini. Mwaka 2018 alipata asilimia 10.2. Mwaka 2023 akapata 76.3 na kuingia. Miaka mitano, mchezaji yuleyule, rekodi ileile. Waandishi walijifunza kusoma.

Ubishi wa pili ndio unaowasha moto. Kanuni ya 5 ya uchaguzi inamtaka mpiga kura aangalie rekodi na uwezo, na pia uadilifu, uanamichezo na tabia. Kwa maneno hayo Barry Bonds yuko nje. Alipiga mipira 762 ya kuvuka uzio, hakuna aliyefika hapo. Mwaka 2001 peke yake alipiga 73. Alitajwa mchezaji bora wa ligi mara 7. Lakini jina lake liliambatana na kashfa ya dawa za kuongeza nguvu. Yeye alikana kwamba alizitumia kwa kujua. Mwaka wake wa kumi, 2022, alipata asilimia 66 na kuondolewa. Roger Clemens, mrushaji mwenye tuzo 7 za mrushaji bora, aliondoka naye mwaka huohuo kwa sababu hiyohiyo.

Waswahili tunasema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kama maneno yale matatu yangetumika kwa wote, ningenyamaza. Hayakutumika. Cap Anson, aliyekataa hadharani kucheza na Weusi na kusaidia kuwafungia mlango, ana bamba lake tangu 1939. Gaylord Perry alikiri mwenyewe kwamba alikuwa akiupaka mpira mate na mafuta ili upinde njiani, jambo lililokatazwa, na bado akaingizwa 1991. Dawa nazo hazikuwa na adhabu ya maana ligi kuu hadi 2004. Kwa maoni yangu Bonds awekewe bamba lake, na kashfa iandikwe palepale kwenye shaba, kila mtu aisome.

Pete Rose ni kesi nyingine. Ana mipigo salama 4,256, hakuna aliyemfikia. Alifungiwa maisha mwaka 1989 kwa kubeti mechi za besiboli, zikiwemo za timu aliyokuwa akiifundisha, akakana hadi 2004 ndipo akakubali. Hili kwangu ni zito kuliko dawa. Anayetumia dawa anataka kushinda kupita kiasi, ila kocha akishaweka fedha zake kwenye mchezo, shabiki hana tena hakika anachokitazama. Mwaka 1991 Ukumbi uliamua kwamba aliyefungiwa na ligi asipigiwe kura kabisa. Rose alifariki Septemba 2024. Mei 2025 ligi ikatangaza kwamba kifungo cha maisha kinakwisha na maisha, hivyo yeye na Joe Jackson, aliyefungiwa kwa kashfa ya kuuza fainali za 1919, wanaweza kufikiriwa na kamati. Adhabu naielewa. Kumfungulia mtu mlango akiwa kaburini ndiko nisikokuelewa: kama ni kusamehe, asiyesikia msamaha amesamehewa nini?

Hapo ndipo penye donge langu. Kamati hizo, za watu 16, ziliwekwa ili kuwapa nafasi ya pili walioachwa na waandishi, na mara nyingi mno nafasi hiyo imekuja mwenyewe akiwa hayupo. Ron Santo, mlinzi wa besi ya tatu wa Chicago Cubs, alicheza miaka yake yote na kisukari, na kwa muda mrefu hakutaka mtu ajue. Ugonjwa ulimla miguu yote miwili baada ya kustaafu. Mwaka 2003 Cubs walipoipandisha bendera ya namba yake 10 uwanjani, aliwaambia mashabiki kwamba kwake bendera ile ni kubwa kuliko Ukumbi. Alifariki Desemba 2010. Desemba 2011 akachaguliwa, na hotuba aliisoma mkewe. Dick Allen alikosa kwa kura moja mara mbili, mara ya pili akiwa ameshafariki, akapita mwaka 2024.

Najua tunasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Lakini mchezaji mstaafu ni mgema aliyekwisha kushuka mnazi. Tembo lake limeshanywewa, na sisi tuliokunywa tunajua lilikuwaje.

Tarehe 9 Septemba 1977, katika uwanja wa Fenway huko Boston, vijana wawili wa Detroit Tigers walicheza mechi yao ya kwanza ligi kuu siku moja. Alan Trammell alisimama kati ya besi ya pili na ya tatu, Lou Whitaker akalinda besi ya pili. Walikaa hivyo bega kwa bega hadi Whitaker alipostaafu mwaka 1995: mmoja akiokota mpira, mwingine tayari yuko kwenye besi anaungoja. Kwa kipimo kile cha mbadala, Whitaker anamzidi Trammell kidogo. Mwaka 2001 waandishi walimpa Whitaker asilimia 2.9, akaondolewa kwenye karatasi mara yake ya kwanza na ya mwisho. Desemba 2017 kamati ikampitisha Trammell. Desemba 2019 Whitaker alipata kura 6 kati ya 16, na Desemba 2025 kamati ilipokaa tena jina lake halikuwamo hata kwenye orodha ya wanane waliojadiliwa. Amezaliwa 1957.