Namba E haimaanishi gari jipya

"Fundi, njoo unikagulie Toyota IST, ni namba E kabisa." Nikiuliza ni ya mwaka gani, najibiwa tena namba E. Nikiuliza lilikuwa likifanya kazi gani, naambiwa dalali kasema ni namba E. Mara nyingi anayepiga simu ni kijana aliyetoka juzi shule ya udereva, leseni ya daraja D haijakunjwa hata kona, na hela anayotaka kutoa ni akiba ya miaka. Ndiyo maana jambo hili linaniuma.

Namba za usajili hapa kwetu huenda kwa mfuatano: T, tarakimu tatu, kisha herufi tatu. Kundi la D likiisha, linafuata la E. Kinachofuatwa ni lini gari liliandikishwa Tanzania. Lilitoka kiwandani lini, namba haijui. Wenzetu wa Kenya hawaruhusu gari lililozidi miaka 8 kuingia; sisi tunaruhusu, ila unalipa ushuru zaidi kwa uchakavu. Kwa hiyo IST ya 2003 inaweza kushuka bandarini leo ikavishwa namba mpya kabisa, huku ya 2006 iliyoingia zamani ikitembea na namba C. Mzee wa miaka 60 akipewa kitambulisho cha NIDA leo hawi kijana. Na IST ya umbo la kwanza, hiyo iliyojaa mjini, Toyota waliacha kuitengeneza 2007. Hakuna herufi itakayoifanya kuwa ya juzi. Bushi, sili na mipira ya redieta huzeeka kwa miaka, hata kama gari lilikuwa limeegeshwa tu huko Japani.

Namba inakuambia kitu kimoja cha kweli: gari limeonja barabara zetu kwa muda gani. Hata hicho hakitoshi. Namba E iliyofanya teksi ya mtandao, dereva wa mchana akimkabidhi wa usiku, imechoka kuliko namba C ya mama aliyekuwa akitoka Tabata kwenda kazini Posta na kurudi. Teksi itambue kwa nyuma: kiti cha abiria kimelegea, na kitasa cha mlango wa nyuma kushoto kimeliwa kuliko vingine.

Mwaka usome kwenye kadi ya gari, na namba ya chesesi iliyo kwenye kadi ilingane na iliyogongwa kwenye bodi. Kisha vuta mkanda wa dereva, utafute kilebo chenye tarehe ya kutengenezwa. Mara nyingi kipo chini karibu na unapofungiwa. Kadi ikisema 2005 na mkanda ukasema 2010, muulize muuzaji kwa nini mkanda ulibadilishwa. Ajali kubwa ni sababu mojawapo.

Kilomita chache nazo zisikuleweshe. Kilomita za kwenye dashibodi hurudishwa nyuma, tena bila taabu. Gari linalodai kilomita 70,000 huku mpira wa pedali ya breki umelika na usukani unang'aa kwa kushikwa, linadanganya. Omba cheti cha usafirishaji cha Japani, kilomita zimeandikwa humo.

Wengine husema, "Cc ndogo haili mafuta," yaani injini ndogo. Toyota Passo ya cc 996 yenye injini iliyochoka, plagi mbovu na tairi zisizo na upepo itakunywa kuliko IST iliyotunzwa. Angalia hali ya injini kwanza, cc baadaye.

Linalonitisha zaidi ni hili: "Ni gari la kujifunzia tu, chukua lolote, si utaligonga?" Dereva mgeni ndiye anayehitaji gari zima kuliko sisi sote. Breki ikianza kuishiwa, mzoefu anaihisi mapema mguuni. Mgeni anaijua yuko nyuma ya daladala. Washa swichi kabla ya kupiga stata: taa ya ABS (ya breki) na ya eabegi lazima ziwake, kisha zizime. Isiyowaka kabisa huenda imeng'olewa ili usijue kuna tatizo. Tairi zina tarakimu nne: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye kashata nzuri, yaani michirizo mirefu, lakini la miaka kumi, bado ni la kutupa.

Na jamani, msiende kukagua gari saa nane mchana limeshapashwa moto. Nenda saa moja asubuhi, gusa boneti kwanza. Likiwa la moto, ahirisha urudi siku nyingine. Injini baridi ndiyo inayoonyesha moshi wa bluu wa kula oili na kelele ambazo joto huzificha. Ukitoka hapo panda nalo daraja la Kijazi pale Ubungo usikilize gia zinavyobadilika, halafu ingia barabara ya vumbi, redio imezimwa. Fundi awe wako. Fundi aliyeletwa na dalali analipwa na dalali.

Wanaodhani bima ndogo itawatengenezea gari: hailipi gari lako, inamlipa uliyemgonga. Mwaka wa kwanza barabarani, kata bima kubwa ukiweza. Faini za trafiki pia huandikwa kwa namba ya gari, kwa hiyo zitazame kwenye mfumo wa polisi kabla ya kutoa hata shilingi. Deni likiwepo, muuzaji alilipe mbele yako, kisha muende TRA kubadilisha jina la mmiliki.