Nguvu za jimu zifike uwanjani: mazoezi ya uzito yenye mabadiliko ndani yake

Beki anaruka kuwania mpira wa kona. Akiwa bado hewani anasukumwa ubavuni, anatua kwa mguu mmoja, macho yakiwa kwenye mpira uliodondokea nje ya boksi, na papo hapo anatakiwa kugeuka amfuate mshambuliaji. Tukio zima halifiki sekunde mbili, na halitajirudia vilevile hata akicheza miaka kumi. Sasa tazama alivyofanya mazoezi ya nguvu Jumanne: chuma mabegani, miguu yote miwili imekanyaga palepale, anachuchumaa na kuinuka, mara kumi, anapumzika, mara kumi tena.

Sisemi chuma hakina kazi. Nikimsikia kocha anadai mchezaji asinyanyue vitu vizito kwa sababu "atakuwa mzito", huwa nabishana naye. Misuli dhaifu haiokolewi na ufundi. Hoja yangu ni kwamba mchezaji wa soka, raga, netiboli au kikapu, akishajenga msingi wa nguvu, sehemu ya mazoezi yake ya uzito iwekewe mabadiliko ya makusudi, ili mwili uzoee kutoa nguvu zilezile hata mambo yanapokwenda mrama.

Fikiria suala la muda. Mtu anapokimbia kwa kasi yake yote, unyayo hukaa chini kwa takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde. Msuli nao huhitaji zaidi ya sehemu tatu za kumi za sekunde kufikia kilele cha nguvu zake. Kwa hiyo nguvu zote alizozionyesha jimu hapati nafasi ya kuzitumia. Kinachoamua ni jinsi kiuno, paja na kifundo vinavyojipanga kabla mguu haujagusa ardhi na mara tu unapogusa. Majeraha mengi ya kano ya mbele iliyo ndani ya goti (ACL) hutokea katika nukta hiyo, mchezaji akitua au akikata kona, wala goti lenyewe halijapigwa na mtu.

Wazo hili si jipya. Katika miaka ya 1920 mjini Moscow, mwanafiziolojia Nikolai Bernstein aliwapiga picha za mfululizo mafundi wazoefu wakigonga patasi kwa nyundo. Nyundo ilifika pale ilipokusudiwa, lakini bega, kiwiko na kiganja havikupita njia ileile kila pigo. Viungo vilikuwa vinasahihishana: kimoja kikizidisha, kingine kinapunguza. Kwa Bernstein, mazoezi mazuri ni kurudia bila kurudia, yaani mtu anarudia kazi ya kutatua tatizo, harudii jibu moja alilokariri.

Karibu karne moja baadaye, mwaka 2018, watafiti wa Barcelona na wenzao walichapisha utafiti uliofanywa kwa wachezaji wa raga. Walitumia kifaa cha gurudumu ambacho kadiri unavyokivuta kwa nguvu ndivyo kinavyokurudisha kwa nguvu. Teknolojia ya aina hiyo iliendelezwa Sweden kwa ajili ya wanaanga, misuli yao isidhoofike huko juu. Wachezaji walifanya zoezi lilelile bila mpira, kisha wakiwa na mpira. Vipimo vilionyesha kwamba mpira ulipoingia, miondoko ya mwili ilipoteza ule mpangilio wa kutabirika. Tusikuze mambo: hilo halithibitishi kwamba walicheza vizuri zaidi Jumamosi. Linaonyesha tu kwamba huhitaji mtambo wa ajabu kuleta mabadiliko katika zoezi la nguvu. Mpira unatosha.

Dumu nalo linatosha. Chukua dumu la lita 20, lijaze pomoni, funga kizibo: una kilo 20 zilizotulia, maji hayana pa kwenda. Mwaga nusu. Sasa ni kilo 10 tu, lakini mbebeshe mchezaji hilo dumu begani na umwambie apige hatua ndefu, goti la nyuma likikaribia kugusa ardhi. Maji yanakimbilia mbele, yanarudi nyuma, na kila hatua inakuja na msukumo wake. Utaona tumbo na nyonga vinafanya kazi bila wewe kupaza sauti. Baada ya hatua sita hamishia bega la pili, au punguza maji kidogo. Mjaribishe kushuka kutoka kwenye kistuli kwa mguu mmoja na kudaka pasi anapotua, bila kujua mpira utatokea kulia au kushoto. Lengo lisibadilike: atue, asimame imara, atoe pasi kwa mwenzake. Namna ya kufika hapo mwachie mwenyewe. Makocha wengi hapa hushindwa kunyamaza; kila rudio ni "mgongo! goti! kichwa!" Sahihisha linalohatarisha tu. Goti likiporomokea ndani kila anapotua, zoezi limemzidi: ondoa mpira au punguza kimo, msiendelee kwa ubishi.

Badilisha jambo moja au mawili kwa wakati mmoja. Kuna video nyingi za watu wanaochuchumaa na vyuma vizito juu ya mpira mkubwa wa mazoezi. Ile ni sarakasi. Mwili ukiyumba, misuli hushindwa kutoa nguvu zake kamili, kwa hiyo zoezi la kujenga nguvu linapoteza kazi yake na hatari inabaki. Uzito mkubwa uinuliwe kwenye sakafu imara, kwa mtindo rahisi, mwanzoni mwa kipindi mwili ukiwa mbichi. Mabadiliko yafuate baadaye, kwa uzito mdogo au wa kati.

Yapo pia mazoezi ya kuachwa kama yalivyo. Lile la kupiga magoti, mwenzako akakushika vifundo, nawe ukajishusha mbele polepole, lina kazi moja ya kuimarisha misuli ya nyuma ya paja. Utafiti wa Denmark uliochapishwa mwaka 2011, kwa wachezaji zaidi ya 900, uliona majeraha ya misuli hiyo yakipungua sana. Usiliongezee madoido.

Kwa timu za vijana na za wanawake zisizo na kocha wa viungo, pa kuanzia papo tayari: programu ya FIFA 11+ ya kupasha mwili moto na kuzuia majeraha, dakika 20, mazoezi 15, haihitaji jimu. Ukiitazama vizuri mabadiliko yamo ndani. Zoezi la kusimama kwa mguu mmoja huanza na kushika mpira tu, ngazi ya pili mnarushiana, ya tatu mwenzako anakusukuma asitabirike. Utafiti wa Norway wa mwaka 2008, kwa wasichana wa miaka 13 hadi 17, ulikuta majeraha kwa ujumla yamepungua kwa karibu theluthi moja.

Ratiba isikusumbue. Kama mechi ni Jumamosi, kazi nzito iwe Jumanne na nyingine nyepesi zaidi Alhamisi, basi. Anayetoka kwenye jeraha aanze na mazoezi tulivu chini ya fiziotherapia; dumu la nusu na pasi za kushtukiza viwe vya mwisho kabla ya kurudi uwanjani.